Tusiwe Wepesi wa Kumwita Mtu Kichaa



Katika makazi yetu wapo watoto na vijana wenye usonji, na wengine wenye ulemavu wa akili. Majirani wamekwisha kuwazoea. Lakini mmoja wao akianza kupiga kelele usiku, kukataa chakula au kusema na mtu asiyeonekana, maneno huanza. Huyu anasema ni kichaa, yule anasema ni pepo, wa tatu anasema, "Mwacheni, ndivyo alivyo." Swali letu ni hili: tuna haki gani ya kumpa jina la ugonjwa mtu asiyeweza kujieleza?

Hata madaktari walichanganya mambo haya. Mwaka 1911 Eugen Bleuler wa Uswisi alitumia neno la usonji kueleza dalili mojawapo ya ugonjwa wa skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali ya pekee. Hata hivyo watoto kama hao waliendelea kuhesabiwa kuwa na skizofrenia, mpaka mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipotenganisha hali hizo mbili.

Usonji huanza utotoni. Saikosisi humjia mtu baadaye, mara nyingi katika ujana: anasikia sauti zisizokuwapo, au anaamini bila sababu kwamba anawindwa. Na mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Kosa la kwanza ni kuona ugonjwa mahali usipokuwapo. Wengi wenye ulemavu wa akili huongea peke yao ili kujituliza. Ukimwuliza mwenye usonji, "Unasikia sauti?" aweza kujibu ndiyo, maana anasikia yako. Na mtoto wa mkimbizi anayelia kwamba watu wanakuja kutuua, huenda anakumbuka mambo aliyoyaona kwa macho yake. Dawa za saikosisi humsaidia anayezihitaji, lakini zaweza kuleta usingizi mwingi, unene na kukakamaa kwa mwili. Kumpa asiyezihitaji ni kumdhulumu.

Kosa la pili ni kusema "ndivyo alivyo". Kijana aliyekuwa akivaa nguo mwenyewe sasa hawezi, halali, anawaogopa ndugu zake. Hayo ni mabadiliko, nayo yana sababu. Yaweza kuwa jino, sikio, choo kigumu, malaria, kifafa, msiba, au mtu anayemtesa kwa siri. Yaweza pia kuwa saikosisi kweli, nayo ina matibabu. Kunyamaza nako ni kumdhulumu.

Basi shahidi ni nani? Ni mama, baba, dada anayelala naye chumba kimoja. Daktari hawezi kumpima kijana huyu kwa kipimo cha wengine. Lazima ajue alivyokuwa zamani. Sisi tulikimbia, na karatasi za hospitali zilibaki nyumbani. Kwa hiyo tuandike: hali ilianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, alibadilishiwa dawa gani, nini kilitangulia. Tuipeleke karatasi hiyo kwenye kituo cha afya.

Wengine watauliza, je, maombi hayatoshi? Hatuachi kuomba. Lakini kumfunga mtu kamba au kumnyima chakula ili pepo amtoke, hayo si maombi. Bwana Yesu alipokutana na kipofu karibu na Yeriko, alimwuliza kwanza anataka atendewe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote. Kama yeye aliuliza, sisi ni nani hata tutoe hukumu mlangoni?

Kwa hiyo tunajibu hivi: haki ya kutaja ugonjwa wa mtu anayo yule aliyekubali kwanza kumchunguza kwa subira, na aliye tayari kubadili neno lake akiona amekosea. Asiye na subira hiyo, na amletee mgonjwa maji ya kunywa, akae naye.