Kipi Kilianza?

Wengi wetu tunaosali hapa Msamvu tunamfahamu kijana yule. Aliimba besi katika kwaya ya vijana, kisha akawa mpiga debe pale stendi, akiita abiria wa Dodoma na Iringa. Akaanza kusikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Akavuta bangi ili zinyamaze, akanywa gongo ili apate usingizi, na sauti zikarudi kwa nguvu zaidi. Mama yake alipotuletea habari hizo, tuliuliza swali moja: kipi kilianza, ulevi au ugonjwa?

Lilionekana swali la busara. Leo tunakiri kwamba tuliliuliza ili tumhukumu. Kama ugonjwa ndio ulioanza, tungemchangia. Kama ulevi ndio ulioanza, basi ameyataka mwenyewe. Kwa kuwa hatukupata jibu, hatukufanya lolote, isipokuwa kumwambia aache kunywa kwanza, kisha aje tumwombee.

Neno hilo "kwanza" lilikuwa la hatari kuliko tulivyodhani. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla bila uangalizi wa daktari anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Naye anayesumbuliwa na sauti haachi kirahisi kitu anachoamini kinamtuliza. Matatizo haya mawili hulishana. Ukitibu moja na kuliacha jingine, lililoachwa hulirudisha lile lililotibiwa. Ndiyo maana wataalamu hushauri yatibiwe pamoja.

Nchi yetu nayo imekuwa ikijifunza. Kwa miaka mingi aliyeitwa kichaa alipelekwa Mirembe, Dodoma. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Hiyo ni hatua ya kumshukuru Mungu. Lakini methadoni hainyamazishi sauti za kichwani, wala dawa ya kunyamazisha sauti haiondoi arosto. Aliye na yote mawili ni mtu mmoja, na anahitaji watu watakaomtazama kama mtu mmoja.

Injili ya Marko, sura ya 5, inatueleza habari za mtu aliyeishi makaburini, akijikatakata kwa mawe, ambaye hata minyororo haikumweza. Yesu hakumwuliza yalianzaje. Alimwuliza jina lake. Na alipopata akili timamu, akaomba kufuatana na Bwana, aliambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Tumezoea kuhubiri muujiza huo, tukasahau kazi iliyobaki kwa watu wa nyumbani. Kwao alikuwa yule waliyemzoea kwa kelele na minyororo, na sasa iliwapasa kumtengea nafasi ya kukaa na kula.

Je, huruma ya namna hii inafuta wajibu? Hapana. Kijana wetu aliuza godoro na sufuria za mama yake, na machozi ya mama yule ni ya kweli. Iko siku itampasa kumwomba radhi. Lakini wajibu hudaiwa kwa mtu aliyesaidiwa kusimama. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimwuliza kwanza kama anastahili kuupata.

Sasa tunampeleka kliniki kwa zamu. Tunaomba pamoja naye, wala hatumwambii aache vidonge ili kuonyesha imani. Si kwamba yamekwisha. Mwezi uliopita alianguka tena, akalala stendi siku mbili. Mzee wa kanisa mwenye zamu alikwenda kumtafuta, akamkuta nyuma ya vibanda, akaketi chini karibu naye mpaka alipokubali kuinuka. Tulipomwuliza mzee alimwambia nini, alijibu kwamba alimwita tu kwa jina lake.

Ndugu zetu wa namna hii wako wengi, na baadhi yao ni watoto wa nyumba zetu wenyewe. Tuwaite kwa majina yao kabla ya kuwauliza jambo lingine lolote.