Ndivyo Nilivyoumbwa?



Nikisoma falsafa, swali moja lilininyima usingizi: kama Mungu anajua nitakachofanya kesho, mimi nachagua nini hasa? Mwishowe likawa kisingizio. Nikianguka katika dhambi ileile, najiambia, "Ndivyo nilivyoumbwa."

Kumbe kuona si kusukuma. Mungu anaiona kesho yangu, lakini mwenye kutembea ni mimi. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino alinibana kabisa: bila utashi huru, kushauri, kuamuru na kuadhibu kungekuwa bure. Kweli jamani! Rafiki akikusaliti unaumia, kwa sababu unajua angeweza kukataa.

Ila utashi huweza kufungwa. Mtakatifu Augustino aliungama kwamba mazoea yalimfunga kama mnyororo, tena kwa utashi wake mwenyewe. Mwaka 386, kule Milano, neema ilimfungua.

Leo kabla ya kulala, itaje dhambi moja uliyozoea kuiita tabia. Kisha ipeleke kwenye Kitubio. Anayesema "nimekosa mimi" anakiri kwamba angeweza kutenda vingine, na kwamba kesho, kwa neema, anaweza.

Tuombeane.