Je, Mchezo wa Kutisha Wawafaa Vijana?

Wazazi hutuuliza sisi walimu kama yafaa kijana kucheza michezo ya kutisha katika kompyuta. Na tuutazame mmoja. Mwaka 2014 Scott Cawthon wa Marekani, aliyekwisha kutunga michezo ya Kikristo, alitoa mchezo uitwao Five Nights at Freddy's. Mchezaji huwa mlinzi wa usiku katika mkahawa, wala hana silaha. Wanyama wa mashine, ambao mchana huwachekesha watoto, usiku hutembea wakimtafuta. Na nyuma yao mna habari ya watoto waliouawa. Ana kamera na milango miwili, na umeme wake ni haba: akiutumia ovyo, giza humfunika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Je, watisha? Naam. Damu haionekani sana. Hofu yatoka katika kungoja. Nasi twaijua hofu hiyo, maana bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi, tukatetemeka, kisha tukaomba nyingine. Lakini bibi alikuwapo karibu nasi. Kijana ajifungiaye chumbani akaogopa peke yake usiku hapati ushujaa. Hupoteza usingizi, na asubuhi husinzia darasani.

Basi hatusemi kwamba mchezo huu ni dhambi, wala kwamba wamfaa kila mtoto. Mzazi, kaa naye, utazame, umwulize aogopa nini. Ukiona usingizi wake umeharibika, mwondolee bila hasira.