Arbuni na Kumjaribu Mnyama Kabla ya Kumnunua

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa swali na ndugu walioko bara, katika miji ya Thika na Ruiru. Mtu wa Thika achukuaye maji kwa gari la punda alitaka punda wa pili. Akampata muuzaji wa Ruiru, akampelekea arbuni ya shilingi elfu tano kwa simu, wakaagana amchukue mnyama amjaribu. Siku ya mwisho haikutajwa. Siku ya nne punda akachechemea. Mnunuzi asema alikuja na ila yake; muuzaji asema amebebeshwa kupita kiasi. Punda yumo uani kwa huyu, fedha zimo mkononi mwa yule, na wawili hao hawatoleani salamu. Tumelisoma swali hili katika darsa, tukaona lafaa kuenezwa, kwani hapa kwetu pwani nako watu huuziana punda na ng'ombe, na sasa pikipiki, kwa mtindo huo huo.

Basi jueni ya kuwa kujaribu si jambo lililozuiwa. Hibban bin Munqidh alikuwa mtu wa kudanganywa katika biashara, na Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme kila anunuapo kwamba pasiwe na hadaa, kisha awe na hiari siku tatu. Kwa hiyo Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa wakaikomesha hiari ya sharti katika siku tatu. Imamu Ahmad ameukubali muda wowote ulio maalumu, na Imamu Malik hutazama bidhaa yenyewe yahitaji siku ngapi. Sisi twaona siku tatu zatosha kwa mnyama wa kazi: siku ya kumfunga garini mtupu, siku ya kumpa mzigo wa kadiri, na siku ya kumtazama alavyo na asimamavyo asubuhi. Lililo baya ni kuacha muda wazi. Hata sheria ya nchi ya Kenya juu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, yasema kuwa aliyepewa kitu kwa kujaribu, akakaa nacho kupita muda uliowekwa asiseme neno, au kupita muda wa kiasi ikiwa haukuwekwa, kimekuwa chake.

Na mnyama akiumia katika kujaribiwa, ni juu ya nani? Hapa tuna hukumu ya zamani inayofanana mno na swali letu. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waumini, alichukua farasi kwa mtu mmoja akiafikiana naye bei, akampandisha mtu ili amjaribu, na farasi akavunjika. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakamwendea Shuraih awahukumu. Shuraih akamwambia Umar ama akae na alichokinunua, ama akirudishe kama alivyokichukua. Umar hakukasirika, alipendezwa na uadilifu ule, akampeleka Kufa kuwa kadhi. Tazameni basi: mtawala wa dola nzima hakuweza kumrudishia mtu farasi aliyeharibika. Mchukuzi wa maji ataweza vipi?

Ama arbuni, maulamaa wamehitilafiana. Walio wengi, na Mashafi miongoni mwao, wameikataza, kwa hadithi ya Amr bin Shuaib, na kwa kuwa muuzaji hula mali pasi na badali. Imamu Ahmad ameiruhusu, akaidhoofisha hadithi ile, na hoja yake ni kitendo cha Nafi bin Abdulharith, aliyemnunulia Umar nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka iwe gereza, kwa dirhamu 4,000, kwa sharti kuwa Umar asiporidhika Safwan apate 400. Na mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Brunei, lilikubali arbuni ikiwa muda wa kungoja umewekwa: mnunuzi akinunua, ni sehemu ya bei, akiacha, ni ya muuzaji. Nasi twaifuata kauli hii, kwani dalili yake ina nguvu na watu wana haja nayo. Wala hatuoni ubaya kutoka katika kauli ya madhehebu yetu pale dalili ilipo.

Lakini angalieni. Arbuni huwa ya muuzaji pale mnunuzi anapogeuza nia yake tu. Ikiwa mnyama ana ila iliyofichwa, au muuzaji ndiye aliyevunja, kuizuia hata senti moja ni dhuluma. Lugha yetu imeyaweka karibu maneno mawili, arbuni na kurubuni, na wako wauzaji wasiojua yanapoachana. Humpa mnyama dawa ya maumivu asubuhi ya mauzo ili asichechemee. Humwacha ng'ombe bila kukamuliwa tangu jana ili kiwele kijae; na Mtume (S.A.W.) amekataza hilo kwa ngamia na mbuzi, akampa mnunuzi hiari siku tatu. Wengine hutuma picha kwa simu, wakataka arbuni kabla mnunuzi hajamwona mnyama. Picha haina kwato za kuinuliwa. Tena tangu 2016, machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi yalipofunguliwa Kenya, wizi wa punda ulizidi, hata Serikali ikaamuru mwaka 2020 yafungwe. Basi mnunuzi aulize mnyama ametoka kwa nani.

Jarir bin Abdallah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamwendea mwenyewe, akamwambia farasi wake ana thamani zaidi, akampandishia bei mpaka 800, kwa kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Huyo ni mnunuzi!

Twarejea kwa ndugu zetu wawili. Na aitwe daktari wa mifugo amtazame mguu. Akisema ila ni ya zamani, punda arudi Ruiru na shilingi elfu tano zirudi Thika zote. Akisema ni mpya, mnunuzi ama akae na punda amalize bei, ama amrudishe na kulipa kilichopungua katika thamani yake, na arbuni ihesabiwe humo. Ikiwa haikubainika, muuzaji aape kuwa alimtoa akiwa mzima, na kauli ni yake. Na mpaka hapo punda apumzishwe, asifungwe garini, na chakula chake ni juu ya aliye naye. Wallahu aalam.