Anaikumbuka Salamu Maria, Mimi Hanikumbuki



Vijana wenzangu, leo naanza na ungamo. Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia bibi, mama yake baba. Ndiye aliyenifundisha kushika rozari. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia. Baada ya dakika kumi akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe nachezea simu mpaka jioni. Moyoni nikajisemea: kuna haja gani ya kukaa naye, na hata hanijui?

Swali hilo lilinifuata hadi seminarini. Kwenye falsafa tulimsoma John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba kinachomfanya mtu awe yuleyule wa jana ni kujitambua na kukumbuka aliyoyatenda. Darasani hoja hiyo inapendeza kweli. Ila ipeleke kwa bibi uone. Kumbukumbu zikiisha, ina maana bibi yangu ameshaondoka, na aliyebaki pale kitini ni mtu mwingine?

Jibu nilianza kuliona kwa Mkatoliki mmoja wa Marekani, Sargent Shriver. Ndiye mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, iliyoanzishwa mwaka 1961, na Tanganyika yetu ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kupokea vijana wake. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku. Mwaka 2003 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kufuta kumbukumbu kidogo kidogo. Mwaka 2009 binti yake, mwandishi wa habari Maria Shriver, alitoa ushuhuda mbele ya kamati ya Seneti. Alisema baba bado anakwenda Misa kila siku, na sala ya Salamu Maria bado anaikumbuka. Lakini yeye Maria, mwanawe, hamkumbuki. Akakiri kwamba jambo hilo bado linamliza.

Hebu tulia hapo kidogo. Jina liko mdomoni mwa baba anaposali, na mwenye jina yuko mbele yake hatambuliki! Ingekuwa mimi, ningerudi chini ya mwembe.

Maria hakukimbia. Aliandika kitabu cha kuwasaidia watoto kuelewa yanayompata babu. Aliuliza maswali, akakuta kwamba nchini kwao karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake. Mzee alifariki Januari 2011 akiwa na miaka 95, lakini kazi ya binti haikuzikwa naye. Shirika alilolianzisha, Women's Alzheimer's Movement, linachangia utafiti wa ubongo wa wanawake na kufundisha watu kuutunza ubongo mapema. Tangu mwaka 2022 liko chini ya hospitali ya Cleveland Clinic. Machozi yake yamekuwa huduma kwa wazazi wa watu wengine.

Sasa tufungue Maandiko. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza tumtunze baba uzeeni, na hata akili zikimpungua tumvumilie. Umeona? Hakuweka sharti kwamba baba atukumbuke kwanza. Na Isaya, sura ya 49, anasema hata mama akimsahau mwanawe, Mungu hatusahau. Ametuchora viganjani mwake. Hapo ndipo Locke anapokwama. Utu wa bibi hautegemei anachokikumbuka yeye. Anakumbukwa na Mungu, na sisi wajukuu tumepewa kazi ya kumkumbuka kwa niaba yake.

Kwetu mzee akianza kusahau utasikia "ni uzee tu." Vibaya zaidi, eti karogwa, au eti yeye ndiye mchawi. Jamani, ni ugonjwa! Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari yake, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri na upweke. Likasema yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Upweke nao umo! Huo hauhitaji kwanza daktari, unahitaji mtu wa kukaa naye.

Kwa hiyo usisubiri ofisi wala mhuri. Wiki hii, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo yenu, mtajeni mzee mmoja anayesahau. Pangeni zamu za kumtembelea, na anayemuuguza naye apate kupumzika. Mpelekeni akapimwe presha na sukari. Na siku ukisikia anaitwa mchawi, usinyamaze.

Mimi nimeshampigia baba simu. Likizo ijayo nitakaa ndani. Bibi akiniuliza mara ya ishirini mimi ni mtoto wa nani, nitamjibu mara ya ishirini. Halafu nitaanza Salamu Maria, nimwachie nafasi ya kuitikia.

Tuombe: Ee Bwana usiyesahau, uwakumbuke wazee wetu wanaosahau, na utusamehe sisi tulioacha kuwatembelea. Utupe uvumilivu wa kujibu tena na tena. Amina.