Kipupwe cha Newala

Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na ni haki kuililia. Lakini baridi ya nyanda za juu hainogeshwi na theluji. Panda Newala mwezi Julai, kusi ikivuma. Vaa sweta, utembee chini ya mikorosho hadi Shimo la Mungu, pale uwanda wa Wamakonde unapoporomoka ghafla. Ukungu ukiinuka, bonde lote la Ruvuma liko miguuni pako, na Msumbiji ng'ambo. Kwangu hakuna asubuhi nzuri kuliko hiyo. Kisha teremka Msimbati, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2000: msimu huohuo nyangumi huwasili kutoka bahari ya Antaktika, kuzaa katika maji yetu ya uvuguvugu.