Kizuri Kikizidi

Mwaka 1774, mhubiri wa Kiingereza Joseph Priestley alichoma unga mwekundu wa zebaki kwa miale ya jua iliyokusanywa na lenzi. Ikatoka hewa, ambayo leo tunaiita oksijeni, iliyoufanya mshumaa uwake kwa ukali wa ajabu. Mwaka uliofuata alifungia panya ndani ya hewa hiyo, naye akadumu kuliko alivyotarajia. Hatimaye Priestley akaivuta mwenyewe, akahisi kifua kimekuwa chepesi.

Mkemia angeridhika hapo. Mhubiri aliingiwa na shaka: mtu akiizoea hewa hii, je, hatauteketeza uhai wake haraka kama mshumaa ule? Akaongeza kwamba huenda mwanamaadili akasema hewa tuliyojaliwa ndiyo tunayoistahili.

Mwili wa kijana mwenye afya unalo jibu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, nayo inatosha kuijaza hemoglobini ya damu yake kwa asilimia 95 na zaidi. Akivishwa barakoa ya oksijeni tupu, nafasi iliyobaki ni finyu. Sehemu kubwa ya ziada huyeyuka tu katika maji ya damu. Mwili hauipokei kwa shangwe. Moyo hupunguza mapigo, mishipa midogo ya damu hujibana. Mwaka 1945, watafiti wa Marekani waliwavutisha wanaume wenye afya oksijeni tupu kwa saa 24, na wengi wakapatwa na maumivu nyuma ya mfupa wa kifua. Oksijeni ya asilimia 50 haikuleta malalamiko hayo.

Lakini mwanamaadili asishangilie upesi. Mwaka 1996, Mark Moss na Andrew Scholey wa Uingereza waligundua kwamba vijana waliovuta oksijeni muda mfupi kabla ya kupewa orodha ya maneno waliyakumbuka vizuri zaidi. Kumbe ziada, ikiwa ndogo na ya kitambo, yaweza kufaa.

Kwa hiyo hoja ya kustahili haisimami. Hakuna aliyetenda dhambi kwa kuvuta zaidi ya alichojaliwa, na hakuna kipimo kimoja kilichoandikiwa watu wote. Aristotle alikwisha kuliona hilo: chakula kisichomtosha Milo, bingwa wa mieleka, chaweza kuwa kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi hupimwa kwa kumtazama mtu na hali yake. Juu ya Everest, ambako kanieneo ya hewa ni kama theluthi ya ile ya pwani, wapandaji wengi hutegemea mitungi ya oksijeni. Reinhold Messner na Peter Habeler walifika kileleni bila mitungi mwaka 1978. Wapandaji wote hao walikuwa na upungufu, ila waliukabili kwa njia tofauti.

Hata mwenye haja ana mpaka wake. Katika miaka ya 1940 na 1950, watoto njiti wengi walipofuka kwa sababu oksijeni iliyowaokoa ilitolewa bila kadiri.

Kinachoamua, basi, ni haja, tena haja iliyopimwa. Kijana mzima anayelipia oksijeni ili ajihisi mchangamfu hununua kitu ambacho damu yake tayari imejaa. Mgonjwa wa nimonia ambaye kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma chini ya asilimia 90 anaidai kwa haki, na mitungi ikiwa michache, yeye ndiye wa kwanza kupewa.